Mashine ya kufulia ya zamani: ipi ununue, na nyumba iwe na nini kabla ya kuifunga

Mtu anayetafuta mashine ya kufulia ya mtumba, iwe Kariakoo au kwa wafanyabiashara wanaoshusha makontena kutoka Dubai na Uingereza, kwa kawaida huanza kwa kuuliza jina la kampuni na bei. Mimi ningemshauri aanzie nyumbani kwake, akiwa na futi ya kupimia mkononi. Mashine za zamani nilizoziona zikigeuzwa meza ya kuwekea ndoo hazikufa kwa uzee. Zilifungwa katika nyumba ambayo maji yake, umeme wake au sakafu yake haikuziwezesha kufanya kazi. Kwa hiyo nimezipanga hapa kwa kufuata nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam, yenye maji ya simtanki, umeme wa volti 230 na hezi 50 (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) unaokatika mara kwa mara, na fundi wa mtaani ambaye hana kompyuta ya kupimia hitilafu.

Nafasi ya kwanza ninaipa mashine ya matangi mawili, lile la kufulia na lile la kukamulia. Wako wanaoidharau kwa kuwa mfuaji hulazimika kuhamisha nguo kwa mkono, lakini hakuna mashine inayoivumilia nyumba yenye maji ya shida kama hii. Unaijaza kwa ndoo au kwa mpira, haihitaji presha ya bomba, na maji yale yale ya sabuni yanaweza kufua nguo nyeupe kwanza, kisha za rangi, kisha za kazi. Nyingi hazina hita, kwa hiyo hutumia umeme kidogo, na taima yake ni ya kuzungusha kwa mkono: umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi unaizungusha tena na kazi inaendelea. Motari ikiunguruma bila kuzunguka, mara nyingi kilichokufa ni kapasita au mkanda umelegea, na vyote viwili fundi hubadilisha kwa muda mfupi. Unapoinunua, ilaze ubavu utazame kutu chini yake, hasa kama ilitumika karibu na bahari. Kisha washa tangi la kukamulia na ufunue kifuniko: tangi linapaswa kufunga breki na kusimama upesi. Likiendelea kuzunguka kwa muda mrefu, dai breki itengenezwe kabla ya kulipa, kwa kuwa mkono wa mtoto ukiingia humo unavunjika. Kuifunga hakuna kazi kubwa, ila kumbuka kwamba nyingi humwaga maji kwa mteremko tu, hivyo mdomo wa mpira wa kutolea maji lazima uwe chini kuliko tangi, na sakafu iwe na tundu la kupokelea maji hayo.

Ya pili ni mashine ya mlango wa mbele iliyotoka Ulaya au Falme za Kiarabu, ambako umeme ni wa hezi 50 kama wetu. Aina hii hufua vizuri kuliko zote na hutumia maji machache, lakini inahitaji uangalifu zaidi kuliko nyingine. Tafuta iliyotengenezwa wakati tangi la nje lilipokuwa likifungwa kwa boliti au kwa klipu. Katika mashine nyingi za miaka ya karibuni tangi hilo ni la plastiki iliyounganishwa moja kwa moja, na beringi zikiisha fundi hana mahali pa kulifungulia bila kulikata. Kujua hali ya beringi ni rahisi: fungua mlango, shika ukingo wa dramu, uisukume juu na chini. Ikicheza peke yake bila tangi la nje kusogea, au ikitoa sauti ya kukwaruza unapoizungusha kwa mkono, beringi zimekwisha. Mpira wa mlango nao uukunjue hadi chini, kwa sababu nyufa hujificha kwenye mkunjo.

Jambo la pili ni safari. Nilinunua mashine ya namna hii nikaipakia kwenye kirikuu bila boliti za safari, zile ndefu zinazopita nyuma na kuzuia tangi lisiyumbe, kwa kuwa muuzaji alisema hazina kazi. Tulipofika nyumbani shokapu moja ilikuwa imeng'oka na tangi limeegemea upande. Dai boliti hizo; zikikosekana, jaza magodoro au mablanketi kati ya tangi na bodi, na uisafirishe ikiwa wima. Ukifika, zing'oe zote kabla ya kuwasha.

Kisha maji. Kila mita 1 ya kimo cha maji hutoa presha ya takribani baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha), na mashine nyingi za aina hii huandikiwa kiwango cha chini cha baa 0.3 hadi 0.5. Simtanki lililo mita 3 juu ya sakafu halifikishi hata baa 0.3, kwa kuwa valvu ya mashine yenyewe iko karibu na mita 1 kutoka sakafuni. Maji hayatakosekana tu: valvu hizi hutegemea presha ya maji ili zijifunge barabara, hivyo presha ikiwa ndogo huendelea kupitisha maji hata mashine ikiwa imezimwa, na utaamka ukute yamejaa ndani ya dramu. Inua tangi, au funga pampu ndogo, na kwa vyovyote weka koki ya kufunga kwa mkono karibu na mashine. Mashine za zamani za Uingereza huwa na midomo miwili, ya maji ya moto na ya baridi. Kama bomba lako ni la baridi pekee, tumia kiungio cha njia mbili ili yote miwili ipate maji.

Hita ya mashine hizi hula takribani wati 2,000, kwa hiyo isichomekwe kwenye waya wa kurefushia. Iwe na soketi yake yenye waya wa milimita za mraba 2.5, ethi iliyopimwa, na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Isimame juu ya zege au vigae, na miguu yake irekebishwe kwa pimamaji. Mashine ya kwanza ya nyumbani ya kampuni ya Bendix, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1937, ilifungwa sakafuni kwa boliti kwa kuwa haikuwa na springi. Hizi zina springi na vitalu vizito, lakini bado hutembea zikikosa usawa. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono usiitie, kwani povu lake hufurika.

Ya tatu ni mashine ya kujazia juu inayojiendesha yenyewe. Ni rahisi kuitumia, lakini hula maji mengi, na bodi yake ya kielektroniki huungua umeme unapopandashuka. Inunue kama una kisima na kidhibiti umeme.

Ya nne ni ile ya roli mbili za kukamulia, ambayo kampuni ya Maytag iliendelea kuitengeneza Marekani hadi mwaka 1983. Ni chombo imara mno na ninaipenda, lakini roli hazitofautishi shati na vidole. Nyumba yenye watoto isiinunue isipokuwa kile kitufe cha kuachia roli kinafanya kazi.

Za mwisho ni mashine za Marekani na Japani, hata zikiwa safi kiasi gani. Za Marekani ni za volti 120 na hezi 60, za Japani ni za volti 100. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi: motari ya hezi 60 ikitumia 50 hupungua kasi kwa sehemu 1 katika 6, hupata joto, na taima nayo huchelewa. Hata nati ya mpira wa maji ya Marekani ina uzi tofauti na wetu, na ikilazimishwa huvuja.

Kikaushio sikukipa nafasi. Jua letu na kamba vinatosha, na hicho ni kifaa kingine cha kula umeme.

Ukishaifunga uliyoichagua, izungushe kwanza tupu, na ukae na tochi ukitazama chini na nyuma yake hadi imalize kukamua, maana kiungo kilicholegea huanza kudondosha maji pale mtikisiko unapozidi.