Fondanti ya ndoo, na muuzaji aliyesema "angalia oveni yako"

Nianze na jibu la muuzaji, maana bila jibu lile nisingeandika tathmini hii ya fondanti yake, ile ngozi ya sukari ya kuvalishia keki, inayouzwa kwa ndoo. Nilimtumia picha ya keki yenye umbo la ugali iliyopasuka utosini, fondanti imeteremka mpaka kwenye sinia kama soksi iliyolegea. Akajibu: "Dada, fondanti yangu haina shida, angalia oveni yako."

Oveni! Fondanti haiingii kwenye oveni. Keki inaokwa, inapoa, inapakwa ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa na krimu), ganashi inaganda, ndipo inavalishwa. Mtu anauza ndoo kwa ndoo pale Kariakoo na hilo halijui.

Kazi yenyewe ilikuwa sinia la ugali, sato wa kukaanga na mchicha, vyote keki. Ugali unaokwa ndani ya bakuli la chuma la sentimita 20: siagi gramu 250, sukari 250, unga wa ngano 250, mayai 5, beking pauda vijiko 2 vya chai. Keki nyepesi ya sponji haifai, inabonyea ikibebeshwa mzigo. Moto nyuzi 160, saa moja na robo hivi. Bakuli lina kina, kwa hiyo moyo unachelewa kuiva. Ukiwa na haraka ukaongeza moto, pembeni panaungua na katikati panabaki uji. Choma kijiti mpaka chini kabisa. (Haya, hapo oveni inahusika. Hapo tu.)

Juu ya keki inapakwa ganashi ya chokoleti nyeupe, gramu 600 kwa 180 za krimu. Vipimo vya nchi za baridi vina krimu nyingi zaidi, na kwa joto letu ganashi hiyo haishiki. Krimu ya kupiga ndiyo usiiguse kabisa: ina maji, na maji yanayeyusha fondanti kutoka ndani.

Sasa ndoo. Kwa bakuli la ukubwa huo unahitaji fondanti kama gramu 700, isukumwe duara la sentimita 38, unene milimita 4. Umbo la ugali ni gumu kuvalisha kuliko keki ya kawaida, maana uzito wote unavuta kushuka, na utosini ndipo panapobaki pembamba. Fondanti nzuri inavutika bila kukatika. Hii ilitoka kwenye ndoo inanata kama ubuyu uliokaa juani. Ukiongeza sukari ya aisingi, ile ya unga laini, bado inanata. Dakika chache mezani, juu inakauka na kukunjamana kama goti la tembo huku chini bado mbichi. Kwa huko kunata, nadhani wamezidisha glisirini, kwa sababu glisirini huvuta unyevu wa hewani, na Dar unyevu haukosekani.

Kabla ya hadithi ya oveni, bwana huyu alikuwa ameshanishauri nikande na konifulawa "mpaka ikubali". Haikubali. Konifulawa inanyonya maji yote, donge linapoteza mvuto, na ukilipandisha kwenye kichwa cha ugali linapasuka. Konifulawa ni ya kunyunyiza kibaoni tu, kidogo, ili lisigande. Donge likinata, tia CMC (unga wa kukazia fondanti) nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, lifunge kwenye nailoni, lipumzike usiku kucha. Likikauka, paka mafuta ya mgando ya kupikia viganjani ukande. Hayo ndiyo maneno ya kumwambia mteja.

Nimtendee haki kidogo. Wiki ile joto lilikuwa la kuchemsha chai, na hata fondanti ya bei mbaya hutoa jasho ikitoka kwenye friji kuingia sebule isiyo na kiyoyozi. Mvuke wa hewani unageuka matone ya maji juu yake, sukari inayeyuka, uso unang'aa na kunata. Dawa ni kuiweka keki ndani ya boksi la karatasi ngumu kabla haijaingia kwenye friji, na ikitoka usifungue boksi mpaka baridi imalizike. Kisha feni, na mtu asiiguse. Kwa sababu hiyo nilikuwa tayari kutoa nyota mbili.

Na rangi inashika vizuri, lazima niseme. Kitone kimoja cha rangi ya kakao kwenye nyeupe kinatoa dona kamili. Rangi iwe ya jeli, ya maji inalegeza donge. Na ugali usiulainishe ukang'aa kama yai. Acha alama za mwiko, na ubavuni bonyeza vidole vitatu, kama pameshamegwa tonge. Hapo hata mwenye nyumba atataka kunawa mikono. Nyota tatu, basi.

Lakini samaki! Mwili wa sato ni mabaki ya keki yaliyovurugwa na krimu ya siagi, unafinyangwa, unavalishwa fondanti ya kahawia. Magamba yanapigwa kwa mdomo wa mrija ulioukata mshazari, mikato mitatu ubavuni kama ya kukaangia, kakao inasuguliwa kwa brashi kavu kwenye kingo ili paonekane pameungua. Mkia na mapezi yanatengenezwa mapema, CMC kijiko 1 cha chai kwa gramu 250, yakauke siku mbili yawe kama biskuti. Ya ndoo hii yalikaa siku tatu chini ya feni na bado yanapinda kama ulimi. Sato akalala siniani mkia umeinama, kama aliyevuliwa juzi. Rudisha nyota zote.

Kwa sasa natengeneza mwenyewe: mashimelo meupe (zile peremende laini) gramu 450, maji vijiko 2 vya mezani (si 3, kwa joto hili), yeyusha juu ya mvuke, kanda na sukari ya aisingi gramu 900 huku mikono ina mafuta ya mgando, funga, lala. Inatoka zaidi ya kilo moja na robo. Viganja vitauma, lakini ugali unavaa bila mpasuko, na hakuna wa kukuuliza habari za oveni.

Nusu ndoo iliyobaki imekuwa mchicha. Kijani mbili, zote zitiwe tone la kahawia kwa sababu mchicha ulioiva si rangi ya nyasi, sukuma jembamba, kata vipande, vuruga kwa vidole, paka mafuta kidogo ung'ae. Mchicha hata ukilegea ni mchicha. Kwa hiyo nyota moja, na hiyo ni ya mboga.