Flashi mbili ukumbini: ununue zipi kama unapiga picha Dodoma

Vijana wanaoanza kupiga harusi hapa mjini huniuliza swali lilelile: "Kaka, nina flashi moja ya auto. Nikiongeza nyingine ya auto si picha zitakuwa kali mara mbili?" Na mimi niliwaza hivyohivyo. Kwenye sendofu moja Nkuhungu nilichomeka flashi kuukuu ya auto juu ya kamera, pacha wake nikamweka kwenye stendi nyuma ya bibi harusi ili shela ing'ae ukingoni. Shela haikung'aa. Flashi ya nyuma iliwaka kidogo tu, kama mtu aliyepiga chafya, ikazima.

Sababu yake ukishaijua hutapoteza hela. Flashi ya auto ya kizamani ina jicho dogo kwa mbele. Inapowaka, jicho linapima mwanga unaorudi, na ukitosha linakata. Mwanga huo umetoka kwa nani, jicho halijui. Yangu ya nyuma ilikuwa imetazamana na ile ya kwenye kamera, ikamulikwa usoni, ikadhani kazi imekwisha. Hata ukiziweka zote mbele, kila moja inahesabu mwanga wa mwenzake kama wake. Jumla inaweza kuwa sawa, lakini huwezi kuamua ipi itawale na ipi isindikize.

Za siku hizi zina TTL. Kwanza zinatoa mwako mdogo wa kupimia, kamera inapima kupitia lenzi, ndipo inaiamuru flashi iwake kiasi gani. Hizi nazo zina ujinga wake: bwana harusi mwenye suti nyeusi akiijaza fremu, zinamwaga mwanga kupita kiasi, shela nyeupe ikijaa, zinabana na shela inatoka kijivu. Ndiyo maana mimi hupanga hivi: moja ifikiri, moja itii. Ya kwenye kamera iwe auto ya TTL kwa sababu unatembea nayo na umbali unabadilika kila dakika. Ya kwenye stendi iwe ya kuseti kwa mkono, kwa sababu haihami, na jukwaa halihami. Na zote mbili ziongee redio moja.

Namba moja: Godox TT685 II juu ya kamera, Godox TT600 kwenye stendi

Kwa mpiga picha wa harusi, kipaimara na mahafali, sioni cha kuishinda kwa hela yake. TT685 II ina TTL na inaiongoza TT600 kwa redio ya 2.4G iliyomo ndani yake, kwa hiyo triga, kile kifaa cha kuwashia flashi iliyo mbali, hununui. TT600 haina auto yoyote, na hicho ndicho unachokitaka. Mimi huanza na 1/8 ya nguvu, stendi ikiwa kona ya nyuma ya jukwaa, juu kuliko vichwa vya watu, halafu napandisha au nashusha nikiwa mbele kwenye kamera. Kumbuka kuliweka kundi la TT600 kwenye M, yaani kuseti kwa mkono. Ukiliacha kwenye TTL unaitafutia kazi isiyoiweza.

Kumbi zetu nyingi siku hizi dari lote limefunikwa vitambaa vya zambarau au dhahabu. Ukigonga flashi juu, yaani ukiielekeza darini ili mwanga udunde, uso wa bibi harusi unarudi na rangi ya kitambaa. Hapo ndipo ile ya kwenye stendi, inayomulika moja kwa moja, inapokulipa.

Angalia herufi kwenye boksi: C ni ya Canon, N Nikon, S Sony, F Fujifilm. TT600 ya kawaida inafanya kazi na Canon na Nikon. Mwenye Sony anayetaka kuichomeka juu ya kamera atafute TT600S; kwenye stendi ya kawaida inatosha. Nimeshamwona mtu kaagiza Kariakoo kwa simu, mzigo umefika na basi, herufi siyo.

Namba mbili: TT600 mbili, au Yongnuo YN560 IV mbili

Kama kazi yako ni studio ya pasipoti na picha za familia, mteja anakaa kwenye kiti, umbali ni uleule kutwa nzima, auto ya nini? Bei ya TT685 II moja inakaribia ya TT600 mbili. YN560 IV nayo ina redio ndani, na moja inaweza kuiongoza nyingine. Usichanganye tu, ukanunua TT600 moja na YN560 moja ukitegemea zitaelewana kwa redio. Hazielewani.

Muuzaji atakusomea namba ya nguvu kwenye boksi: hii 60, ile 58. Ya Godox imepimwa kwenye zumu ya 200mm, ya Yongnuo 105mm, zote ISO 100, kwa mita. Kwa hiyo hiyo 60 haimaanishi ina mwanga zaidi. Na ukiziweka mbili za nguvu sawa zimulike mahali pamoja, unapata stopu moja tu ya ziada, yaani mwanga mara mbili.

Namba tatu: Godox V860III mbili

Flashi nzuri sana, ila wengi wenu bado. Inatumia betri ya lithiamu, kampuni inasema miwako 480 ya nguvu zote kwa chaji moja, wakati TT600 ni kama 230 kwa betri nne za AA za kuchaji. Inajaza upesi baada ya kila mwako, hutamkosa baba mzazi akicheza. Ila kwa bei ya moja unaweza kupata TT600 mbili. Ukishakuwa na kazi kila Jumamosi, nunua moja ya kwenye kamera; ya stendi haichoki kiasi hicho.

Namba ya mwisho: mitumba ya auto

Vivitar 283 na 285HV, Nikon SB-28, utazikuta kwa mafundi wa zamani kwa bei ya kutamanisha. Baadhi ya Vivitar 283 za zamani zina zaidi ya volti 200 pale zinapogusana na kamera, na kamera ya kidijitali inaweza kuungua. Fundi mwenye mita ataipima kwa dakika moja. Isipopimwa, ikae mbali na kamera yako, iwashwe kwa triga inayohimili volti hizo, tena ikiwa kwenye M.

Dukani usikubali kuoneshwa mwako mmoja. Washa zote mbili, piga kumi mfululizo ukutani, kisha toka na moja hadi nje ya mlango upige tena uone kama redio inafika. Fungua mlango wa betri, tazama kama kuna kutu ya kijani. Tenga na hela ya betri za AA za kuchaji, kumi na sita kwa flashi mbili, nane zikiwa za akiba, kwa sababu za kawaida za dukani zinajaza polepole na zinaisha kabla ya keki.

Chaneli ya redio nayo: badilisha ile flashi iliyokuja nayo. Wapiga picha wawili ukumbini wakiwa na Godox kwenye chaneli moja, flashi yako inamwakia mwenzako bure hadi betri zinakata. Ilinitokea, na jamaa alikuwa ananishukuru.

Kwa picha za nje, mwavuli wa kulainisha mwanga acha nyumbani. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti unabeba stendi na flashi pamoja. Ukilazimika, ning'iniza dumu la maji la lita tano katikati ya miguu ya stendi, na mpe msaidizi kazi ya kuishika tu, asitumwe soda.