Kadi za picha za ARASAAC kwa mtoto mwenye usonji: bure kweli, ila jasho ni lako

Wazazi wenzangu wenye watoto wa usonji ambao hawaongei au wana maneno mawili matatu, kabla hujatoa hela ya kuagiza kutoka nje seti ya kadi za picha, zile mtoto anazotumia kusema anachotaka, soma hii kwanza. Kuna tovuti inaitwa ARASAAC, ni ya serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania, ina vipicha zaidi ya 10,000 vilivyochorwa na jamaa anaitwa Sergio Palao, unashusha, unaprinti, unatumia, hulipi kitu. Sharti lao kubwa usiuze na useme umetoa wapi (kaka wa steshenari alishaanza kupiga hesabu ya biashara, ikabidi nimkatishe mapema).

Vipicha vyenyewe vimetulia, mistari minene, nyuma hakuna makorokoro, na kwa mwanangu hilo ndo la maana kwa sababu ukimpa picha ya mtoto anakunywa maji bustanini yeye ataangalia maua tu, maji hana habari nayo. Halafu unaweza kubadilisha rangi ya ngozi na nywele kabla hujashusha, sio kila mtoto kwenye kadi awe mzungu.

Sasa shida yake. Vimechorwa Hispania na maisha ya kule yanaonekana. Kadi ya choo niliyoprinti ina choo cha kukaa, sisi nyumbani tuna cha kuchuchumaa, dogo akawa anaiangalia kama tangazo la sabuni. Kadi ya basi hivyohivyo, hakuielewa mpaka nilipopiga picha daladala ya njia yetu na simu. Kwa hiyo seti yetu ni mchanganyiko: vitendo kama nataka, subiri, nisaidie, imetosha, naumwa ni za ARASAAC, ila watu, vyakula na sehemu tunapiga wenyewe, yaani bibi awe bibi yake huyuhuyu na dagaa wawe dagaa anaowala.

Na jamani msimwage kadi hamsini siku ya kwanza. Anza na kitu kimoja anachokipenda kufa, kwetu kashata. Njia hii ya kutoa kadi ukapewa kitu inaitwa PECS, waliianzisha Wamarekani Andy Bondy na Lori Frost mwaka 1985, na siri yake ni kwamba mwanzoni mnatakiwa watu wawili, mmoja anapokea kadi na kutoa kashata palepale bila maswali, mwingine yuko nyuma ya mtoto anamsogeza mkono kimyakimya. Dada wa nyumbani ndo alikuwa mtu wangu wa nyuma na kusema ukweli ana subira kunizidi, baba yake dogo yeye alikuwa anaropoka "sema kashata, sema!" na zoezi linaharibika.

Mama mkwe alipinga sana, eti tunamfundisha mjukuu wake kuwa bubu. Tafiti zinaonyesha picha hazizuii mtoto kuongea na wengine ndo wanaanza kutoa maneno, ila nani atabishana na mama mkwe kwa tafiti. Aliyemmaliza ni dogo mwenyewe, bibi anamlisha uji anasukuma tu kijiko, akapewa kadi ya IMETOSHA usoni. Siku hizi kadi anazipanga bibi huyohuyo.

Shuleni yuko kitengo maalumu, watoto wengi na walimu wachache kama mnavyojua, tukampangia mwalimu ratiba ya picha ukutani: paredi, darasa, uji, kucheza, nyumbani. Kile kilio cha kila kipindi kikiisha kimepungua sana maana anaona NYUMBANI ipo pale chini inamsubiri. Siku ratiba inapobadilika ghafla bado ni vita, hapo sitawadanganya. Na printi seti mbili, kadi zikienda shule hazirudi zote.

Zipo pia app za simu zenye picha hizihizi na zinatoa sauti, ila kwetu simu maana yake katuni, akiishika kashafika YouTube kabla hujageuka, nimebaki na karatasi. Mwenye hela ya tableti ya kazi hiyo tu ajaribu.

Nyota 4 kati ya 5. Usiruke lamineti (kuzifunika kwa plastiki), kadi tupu kwa mtoto anayetafuna kila kitu haimalizi wiki. Velkro ya nyuma ya kubandikia kadi utaipata kwa mita maduka ya vifaa vya ushonaji Kariakoo. Na kata kadi KWANZA ndo uzilamineti zikiwa zimeachana, ukilamineti karatasi nzima halafu ukakata kingo zinafunguka, mate yanaingia, unarudi steshenari tena.