Uzoefu wangu Quanzhou: mji wa China ambao mtu wa pwani anausoma mwenyewe

Wengi wetu tunaijua Guangzhou na Yiwu. Mtu anashuka uwanja wa ndege, anazunguka masoko, anapakia kontena, anarudi nyumbani. Simlaumu, maana mzigo ndio uliomleta na hoteli inadai kila usiku. Lakini ukiwa na siku za kusubiri kiwanda kimalize oda yako, usizimalizie kitandani. Panda treni uende Quanzhou, mkoa wa Fujian. Mimi naishi Guangzhou kwa kazi ya kusafirisha mizigo na nimetembeza wageni sehemu nyingi za nchi hii, hadi kwenye ule Ukuta Mkuu. Sijaona mahali pa kale palipomgusa mgeni wangu kama hapa. Mgeni mwenyewe alikuwa ami yangu kutoka Tanga, mtu wa chuo cha Kurani tangu utotoni na fundi wa majahazi wa miaka mingi.

Kwanza nieleze mji wenyewe. Waarabu waliuita Zaitun, na katika karne ya 13 na ya 14 ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Marco Polo aliupitia mwishoni mwa karne ya 13, akasema kwamba kwa kila meli moja ya pilipili manga inayokwenda Aleksandria, meli mia zinaingia Zaitun. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa kwetu, Mombasa na Kilwa, alifika Zaitun mnamo 1345. Aliandika kwamba bandari ile ni kati ya kubwa duniani, kisha akaongeza kwamba pengine ndiyo kubwa kupita zote, na kwamba aliona kama merikebu mia kubwa, ndogo hazihesabiki. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia, maeneo 22 kwa pamoja: mahekalu, msikiti, madaraja, matanuri ya kauri, gati. Huwezi kuyaona yote, na sikushauri ujaribu.

Sasa huduma. Tulianza na ziara ya kulipia, gari na kiongozi, iliyotangazwa kuwa ni ya njia ya kale ya bahari pamoja na chakula cha mchana cha halali. Kampuni siitaji. Gari lilikuwa safi na dereva alikuwa muungwana, lakini nusu ya siku ilikwisha kwenye duka la chai na duka la kauri, na chakula cha halali kikawa ni wali mweupe na mboga katika mgahawa wenye nguruwe jikoni. Makumbusho tulipewa nusu saa. Ami alikuwa bado yuko kwenye jiwe la tatu kiongozi alipoanza kutuashiria saa. Kwa ziara ile natoa nyota mbili, na hizo ni kwa ajili ya dereva. Kesho yake tulirudi wenyewe kwa teksi za kuita kwenye simu, na hapo ndipo Quanzhou ilipofunguka. Kwa mji wenyewe natoa nyota tano.

Anzia Makumbusho ya Bahari, karibu na Ziwa la Mashariki. Usianzie msikitini, ingawa ndiko moyo utakakokuvuta. Ukumbi wa mawe ya makaburi ndio utakaokupa ufunguo wa mengine yote. Kuna mawe mengi mno ya Waislamu, yamechongwa Kiarabu, mengine yakiwa na Kiajemi au Kichina pembeni. Kuna misalaba ya Wakristo iliyokaa juu ya ua la yungiyungi, na malaika wenye mabawa waliochongwa wakiwa na sura za Kichina. Kuna mawe ya hekalu la Kihindu. Maelezo ya ukutani ni ya Kichina na Kiingereza kifupi, kwa hiyo wageni wengi wanapiga picha na kusonga mbele.

Ami hakusonga. Alivaa miwani, akainama mbele ya jiwe lililochongwa kama mihrabu ndogo, akaanza kufuata herufi kwa kidole bila kugusa.

"Njoo, mwanangu," akaniambia. "Soma hapa."

Nilisoma polepole. Kullu nafsin dhaaiqatul maut. Kila nafsi itaonja mauti. Aya ile ile inayosomwa kwetu msiba ukitokea, hapa imekatwa kwenye jiwe la Fujian miaka mia saba nyuma.

Jiwe jingine ndilo lililomtoa machozi. Lina maneno yanayonasibishwa na Mtume, kwamba anayekufa ugenini amekufa shahidi. Hayako kwenye jiwe moja tu, yanajirudia humo ukumbini. Watu walitoka Shiraz, Isfahan, Bukhara, wakaja kufanya biashara, wakaugua, wakafia hapa, na wenzao wakaona maneno ya kuwapa ni hayo. Sisi tunaoishi China tunajua uzito wake. Tumeshachangishana Guangzhou kupeleka maiti nyumbani, na tumeshazika hapa hapa pale iliposhindikana. Nilimwambia Ami hivyo, akasema, "Basi wameshakutangulieni."

Ninachotaka msomaji akichukue ni hiki: kama ulisoma chuo, hata kama uliishia juzuu ya Amma, una kitu ambacho wageni wengi wa makumbusho ile hawana. Utasoma tarehe za Hijria. Utamjua marehemu alikuwa bin nani, ametoka mji gani. Huhitaji kiongozi wa kukufasiria.

Na uulize kwa nini mawe yako ndani ya jengo na makaburi hayapo. Kuanzia 1357 hadi 1366 Quanzhou ilikumbwa na vita vya askari wa asili ya Kiajemi waliouteka mji na kupigana na utawala wa Yuan, yaani Wamongolia waliotawala China. Waliposhindwa, wageni waliuawa kwa wingi, makaburi yakavunjwa, na mawe yake yakatumika kujengea na kuziba ukuta wa mji. Ukuta ulipobomolewa katika karne ya 20, mawe yakatokeza tena. Mwalimu mmoja wa shule wa hapo hapo, Wu Wenliang, alianza kuyakusanya, akiyaokota kwa wachonga mawe na kwenye vifusi, na mwaka 1957 akachapisha kitabu cha mawe hayo ya dini. Baadaye mkusanyo wake ukawa mali ya umma. Mtu mmoja asiye na cheo! Bila yeye, mengi ya mawe yale yangekuwa kokoto. Natamani kila mji wetu wa pwani ungekuwa na mwalimu wa namna hiyo kabla magofu hayajaisha.

Kutoka hapo nenda hekalu la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686. Minara yake miwili ya mawe ni ya karne ya 13, wa mashariki una urefu wa mita 48 hivi na wa magharibi 44, na imesimama licha ya matetemeko. Nyuma ya ukumbi mkuu kuna nguzo mbili zenye michoro ya Kihindu, zilizotolewa kwenye hekalu lililovunjwa. Zitazame, kisha nenda upande wa ua palipo na jumba la merikebu. Humo ndimo tulimokaa zaidi.

Merikebu ile ilifukuliwa mwaka 1974 kwenye matope ya ghuba ya Houzhu. Ilizama katika miaka ya 1270, mwishoni mwa utawala wa Song. Kilichobaki ni sehemu ya chini, urefu wa mita 24 na upana wa mita 9. Ami alizunguka pale juu kwenye ujia, akarudi, akazunguka tena. Alinionyesha mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, akanionyesha mbao zilivyopangwa tabaka mbili na mahali pengine tatu, misumari ya chuma, na nyufa zilizokalafatiwa kwa chokaa, mafuta ya miti na nyuzi. "Kalafati hii ukimpa fundi wa Tanga ataielewa," alisema. "Lakini ngama hii sijapata kuiona." Alikuwa anaonyesha kuta 12 zinazoigawa ngama, ile sehemu ya chini ya kuwekea shehena, vyumba 13. Maji yakiingia chumba kimoja, vingine vinabaki vikavu na chombo kinaelea. Jahazi letu halina hilo. Kwenye maungio ya mkuku mafundi waliweka sarafu na kioo cha shaba, kuombea safari. Ami alilifurahia hilo kuliko yote, akasema kila fundi ana la kwake la kuombea chombo.

Shehena iliyokutwa humo ni zaidi ya kilo 2,000 za miti ya manukato, na pilipili manga, na kauri za baharini, na ubani, na ambari. Ubani na ambari ni bidhaa za upande wetu wa bahari. Hapo nilimsomea Ami kutoka kwenye simu habari za Zhao Rugua, ofisa aliyesimamia biashara ya bahari ya Quanzhou, ambaye mwaka 1225 aliandika kitabu cha nchi za mbali kwa kuwauliza mabaharia. Ndani yake mna nchi iitwayo Cengba, ambayo wataalamu wanaitambua kuwa ni pwani ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Anasema watu wake wanafuata dini ya Waarabu, wanajifunga nguo za pamba za buluu na kuvaa viatu vya ngozi nyekundu, wanakula mikate na nyama ya kondoo, na wanauza pembe za ndovu, dhahabu, ambari na sandali. Zhao hakuwahi kutuona. Tulifika mezani kwake kwa midomo ya mabaharia, pamoja na orodha ya mizigo. Nani amewahi kuambiwa hilo darasani? Vipande vya kauri za China vilivyochimbwa Kilwa na Gedi, na bakuli zilizopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi, ni upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo.

Msikiti wa Qingjing uko barabara ya Tumen, jirani kabisa na hekalu la Guandi lenye moshi wa udi mchana kutwa. Ni wa mawe mtupu, mlango mrefu wenye kuba ndani ya kuba. Maandishi ya Kiarabu nyuma ya lango yanasema ulijengwa mwaka 400 Hijria, yaani 1009, na kutengenezwa mwaka 710 Hijria na Ahmad bin Muhammad wa Shiraz. Ukumbi wa zamani wa sala hauna paa, liliporomoka karne nyingi zilizopita. Kuta zipo, madirisha yapo, aya zipo, na mizizi ya nguzo imebaki ardhini. Kuna pia jiwe la amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407, ya kuwalinda Waislamu wasidhulumiwe. Tulisali adhuhuri kwenye chumba cha sala kinachotumika sasa. Mzee aliyekuwepo alitutolea salamu, Ami akamwitikia, na mazungumzo yao yote yakawa ni hizo salamu na kushikana mikono kwa muda mrefu. Ibn Battuta aliandika kwamba China, pamoja na uzuri wake, haikumpendeza, na kwamba alipokutana na Waislamu alifurahi kana kwamba amekutana na jamaa zake. Nilimwelewa pale.

Kilima cha Lingshan usikikose. Yapo makaburi mawili ya mawe ambayo wenyeji wanasema ni ya wafuasi wa Mtume waliofika mwanzoni mwa utawala wa Tang. Wanahistoria wanabishania mapokeo hayo. Lisilobishaniwa ni jiwe lililo hapo, linalosema kwamba mwaka 1417 Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, akiwa njiani kwenda Hormuz na nchi nyingine, alifukiza udi hapa akaomba baraka. Safari hiyo, ya tano katika safari zake, ndiyo iliyowarudisha makwao wajumbe wa nchi nyingi, na ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga wa Malindi alikuwa ameshafikishwa kwa mfalme mwaka 1415. Jiwe ni la Kichina, fupi, limewekwa bila makeke yoyote, na watu wanalipita. Simama hapo. Aliyeomba dua mahali hapo alikuwa anaelekea kwetu.

Kijiji cha Xunpu, ambako wanawake wanavaa mataji ya maua kichwani, kina watu wengi mno na biashara ya kupiga picha. Nyumba zilizojengwa kwa makombe ya chaza ni za kuvutia, na wenyeji husimulia kwamba makombe hayo yalikuja kama farumi, uzito wa kutuliza chombo, ya merikebu zilizorudi tupu kutoka nchi za mbali, wengine wanataja hadi Afrika. Saa moja inatosha. Daraja la Luoyang, la miaka ya 1053 hadi 1059, lina thamani zaidi kwa muda wako: waliotia msingi walipandikiza chaza kwenye mawe ili wayashike yasisombwe na maji ya bahari. Nenda maji yakiwa yametoka, uwaone.

Ya kujiandaa. Treni ya kasi kutoka Shenzhen ni kama saa nne hadi tano, kutoka Xiamen ni nusu saa hivi. Pasipoti iwe mkononi daima, kwenye treni na makumbusho. Makumbusho hufungwa Jumatatu. Weka programu ya malipo kwenye simu kabla hujafika, wauzaji wadogo hawana chenji. Julai hadi Septemba kuna joto kali na tufani, Novemba ni nzuri. Kwa chakula, vyakula vingi maarufu vya mji vina nguruwe, hata supu ambayo kwa macho ni ya nyama ya ng'ombe, kwa hiyo tafuta maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono yenye kibao cha kijani cha Kiarabu. Na ukienda na mzee, chukua teksi hadi juu Lingshan, ngazi ni nyingi.