Helmeti ya otomatiki ya kuchomelea: avae kwanza anayeshika bomba

Nina karakana ya mageti, grili na vitanda vya chuma huku Kizota, Dodoma. Kila mwaka napokea vijana wa vyuo vya ufundi wanaokuja fildi, na wengine wa mtaani wanaojifunzia kazini. Helmeti ninayoieleza hapa nimeitumia na vijana hao kiangazi na masika, kwa hiyo nimeiona kwenye vumbi, kwenye jua kali na mikononi mwa watu ambao bado hawajajifunza kutunza vifaa.

Ni ile ya kioo kinachojitia giza chenyewe moto wa rodi, kile kijiti cha chuma cha kuchomelea, unapowaka. Nililipa shilingi 75,000. Imetengenezwa China, ina sola ndogo juu ya kioo, betri ya kidonge, sensa mbili za mwanga, na kitufe cha kuzungusha unachochagulia giza, namba 9 mpaka 13. Moto usipokuwepo kioo kinabaki namba 4, na unaona chuma chako kama mtu aliyevaa miwani ya jua. Kinga ya kushika mkononi yenye kioo cheusi nilipata kwa chini ya elfu kumi. Najua mafundi wenzangu wataanzia hapo kwenye bei, ila naomba kwanza wamtazame kijana anayejifunza kugonga rodi.

Akiwa na kioo cheusi, kabla moto haujawaka haoni chochote. Basi anainua kinga ili aone rodi iko wapi, anagusa chuma, mwanga unampiga. Rodi inanata, anaivuta, anainua kinga tena. Mwanga ule una miale isiyoonekana inayounguza macho, na ubaya wake ni kwamba hasikii maumivu palepale. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi akiwa ameshalala, ndipo anaamka macho yanamwasha na kuuma, kila akipepesa anahisi mchanga ndani, hawezi kutazama taa. Nyumbani watamwekea vipande vya viazi au maziwa. Badala ya hayo, kijana wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, akapimwe na mtu anayejua macho.

Kwa helmeti hii anaona ncha ya rodi, anaiweka mahali pake, anagonga, giza linaingia lenyewe. Mikono yote miwili iko huru. Vijana wangu wanaanza kuchora mstari ulionyooka mapema zaidi, na sababu ni hiyo tu: wanaona wanachofanya.

Lakini yule ninayemfikiria zaidi ni mshikaji. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 mji huu haujaacha kujenga, na kila nyumba inataka geti. Kwenye karakana nyingi utakuta kinga moja, ya fundi. Pembeni yake yuko kijana, mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote pale, ameshika bomba ili kona isihame wakati wa kushikiza. Hana kitu usoni. Anageuza shingo na kufumba macho, lakini bomba likisogea lazima achungulie, na hapo ndipo anapopigwa. Shingo na shavu navyo vinaungua. Huwezi kumpa kioo cheusi kwa sababu hataona anachoshika. Helmeti ya otomatiki inamfaa huyu kuliko mtu mwingine yeyote, maana anaona bomba mpaka sekunde ile moto unapowaka. Utaratibu wangu sasa ni huu: ikiwa ipo moja tu, anavaa mshikaji. Fundi mzoefu anajua rodi yake ilipo hata kwenye kioo cheusi.

Kuna jambo ninalowafundisha kabla ya kuwasha mashine. Giza lenyewe linapunguza ule mng'ao unaouona. Miale inayounguza inazuiwa na kioo wakati wote, hata kikiwa bado hakijaingia giza, mradi kiwe kioo halali. Kwa hiyo tafuta kwenye kioo alama ya EN 379, kiwango cha Ulaya cha vioo vya kuchomelea vinavyojitia giza. Helmeti isiyo na alama yoyote iache dukani hata ikiwa nusu bei. Kwa rodi za geji 12 (nyembamba) na geji 10 (nene zaidi) tunazotumia kwenye mageti, tunaweka namba 10, na geji 10 ukiipandishia moto tunasogea 11. Kila asubuhi kijana anaielekeza helmeti juani: lazima iingie giza. Anaziba sensa kwa kiganja: lazima irudi. Isipofanya hivyo, siku hiyo haivaliwi.

Kasoro zake nazo zipo. Upepo wetu wa Juni mpaka Septemba unajaza vumbi kwenye sensa na zinachelewa kusikia moto, kwa hiyo zifutwe kwa kitambaa laini mara kwa mara. Chini ya mwarobaini, jua likipenya majani kioo kinaingia giza bila sababu. Punguza kitufe cha wepesi wa sensa. Ukiingiza kichwa kwenye kona ya geti na bomba likaziba sensa, mwanga utakupenya; badili mkao kwanza. Plastiki ya nje inaliwa na cheche mpaka inakuwa na ukungu. Ukanda wa kichwani ndio dhaifu kabisa, wa moja ulivunjika kwenye gurudumu la kukazia, na helmeti inayoning'inia haimkingi mtu.

Kwa binti anayevaa mtandio ukanda unapanuka vya kutosha. Mtandio uwe wa pamba na uchomekwe ndani ya ovaroli. Ule wa nailoni cheche ikiufikia unayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Helmeti haichuji moshi, na hili nalisisitiza kwa sababu vijana wakishaivaa wanajiona wamekamilika. Bomba lililopakwa zinki likichomwa linatoa moshi mweupe, na aliyeuvuta anaweza kupata homa na kutetemeka usiku. Maziwa hayasafishi mapafu, ingawa tumeambizana hivyo miaka yote. Kwaruza zinki pale unapochomea, fanyia kazi nje, upepo upite ubavuni. Na ndani ya helmeti kijana avae miwani myeupe ya kinga, kwa sababu wakati wa kubandua kwa nyundo gamba linalobaki juu ya mchomeleo helmeti huwa imeshainuliwa, na gamba la moto huruka moja kwa moja kwenye jicho.

Nasikia wenye karakana wanaowaambia vijana wajinunulie. Sikubaliani kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeuweka mzigo huo kwa mwajiri, na kijana wa fildi hana hata mshahara.

Nitanunua nyingine, ya aina hiyohiyo, ila yenye ukanda imara zaidi. Nawe ukienda, ulizia plastiki za akiba za kioo kabla hujatoa hela, maana si kila duka linazo. Kisha toka nayo mpaka nje ya mlango, uielekeze juani, na uangalie kioo kinafanya nini.