Burj Al Arab kwa tiketi ya mtalii: uzoefu wangu

Wengi wanaofika Dubai huishia kuipiga picha Burj Al Arab kutoka ufukweni. Hoteli iko kwenye kisiwa cha kutengenezwa, mita 280 hivi kutoka nchi kavu, na daraja lake lina walinzi. Kama huna chumba, meza uliyoweka kwenye mgahawa wao, au tiketi ya ziara, huvuki. Mimi nilikata tiketi ya ziara, ile ya Inside Burj Al Arab. Ilipoanza 2021 bei ilianzia dirham 399, na kwa kuwa hubadilika, ni vizuri uangalie tovuti yao kabla hujapanga siku. Ni hela nyingi kwa kutazama tu, lakini kama unapenda majengo, lipa.

Safari inaanzia hoteli jirani, Jumeirah Beach Hotel, ambako mnapandishwa kigari cha umeme na kuvushwa daraja. Mnakwenda kikundi kidogo na mwongozaji mmoja, kwa hiyo kuna nafasi ya kuuliza maswali. Ulizeni. Ziara nzima ni kama saa moja na nusu.

Kilichonishika zaidi ni uwazi wa katikati. Ukiwa nje unaona jengo lenye umbo la tanga jeupe, basi. Ukiingia ndani ndipo unaelewa jengo lilivyokaa: mabawa mawili ya vyumba yamefunguka kama herufi V, na lile tanga limefunga pengo lililobaki upande wa nchi kavu. Ni kitambaa kweli, cha nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon. Jua la Dubai linapita humo likiwa limepoa, linamwagika ndani kama mwanga wa asubuhi, halikuchomi macho. Nilisimama chini nikainua kichwa: zaidi ya mita 180 za hewa tupu juu yangu, na roshani za duara zimepangana ghorofa juu ya ghorofa, rangi zikihama kutoka bluu kwenda kijani. Hakuna picha niliyowahi kuiona iliyonipa kipimo kile. Kwa sisi tuliozoea kuona jahazi likitweka tanga, kumwona msanifu Tom Wright akilichukua umbo hilo na kulifanya jengo la mita 321 ni jambo la kufurahisha sana.

Dhahabu ipo, tena nyingi, karibu mita za mraba 1,790 za dhahabu ya karati 24 iliyobandikwa kwenye nguzo, dari na mapambo. Royal Suite, makazi ya kifahari ya wageni kwenye ghorofa ya 25, nayo ina ngazi za marumaru na vyumba visivyoisha. Binafsi, dhahabu hiyo nilichoka nayo mapema. Ni nzuri, lakini baada ya dakika kumi macho yameshashiba.

Nilikokaa sana ni kwenye chumba walichokitenga kuonyesha historia ya ujenzi. Chini ya kisiwa kile hakuna mwamba wa kukaa juu yake. Waliingiza nguzo 230 za zege, kila moja urefu wa mita 40, na kinachozishikilia ni msuguano wa mchanga unaozibana pande zote. Kuandaa kisiwa chenyewe kulichukua muda sawa na kujenga hoteli, karibu miaka mitatu, mpaka ikafunguliwa Desemba 1999. Watu husimulia habari ya vitanda na magari ya kifahari, na huu mchanga uliobeba jengo zima hawautaji kabisa. Ule uvumi kwamba hii ni hoteli ya nyota saba nao si daraja rasmi. Rasmi ni nyota tano.

Chukua ziara ya alasiri. Ukimaliza, tembea hadi ufukwe wa Umm Suqeim, hapo hapo pembeni, ambako kuingia ni bure, ungoje jua lizame na taa za tanga ziwashwe. Kutoka pale utakiona pia kile kiwanja cha helikopta, mita 210 juu, ambako Federer na Agassi walicheza tenisi 2005.

Kama umekwenda na watoto wadogo, au bajeti imebana, acha ziara. Nenda Souk Madinat Jumeirah, soko la maduka na migahawa lililo jirani. Hakuna kiingilio, na hoteli inaonekana vizuri kabisa ng'ambo ya mifereji ya maji.