Flati ya Bamburi kwa ejenti na indeksi fandi: miaka mitatu nimeona haya

Watu wameniuliza sana kipi afadhali, flati au indeksi fandi, kwa hivyo naandika yote. Nina flati ya chumba kimoja Bamburi, Mombasa, niliinunua shilingi 4.5 milioni, kuisimamia nikawapa ejenti kwa 10% ya kodi, wakanambia wewe tulia tu pesa itaingia. Kodi ni 30,000. Toa 3,000 ya ejenti, toa sevis chaji ya jengo 4,000, toa 7.5% ya KRA, watoza ushuru wa Kenya, ambayo wanaikata kwa kodi yote bila kuangalia gharama zako, nabaki na 20,750. Hapo mpangaji yuko. Mwaka jana ilikaa tupu miezi miwili na sevis chaji haikungoja, mwaka mzima nikashika kama laki mbili, yani haifiki 5% ya bei niliyonunulia, na bado sijahesabu chumvi. Wallahi chumvi ya pwani inakula kila kitu, grili zimeshika kutu, AC ile mashine ya nje imeoza, mifereji ya bafuni nishabadilisha mara mbili, na maji yakikatika mpangaji ananipigia mie saa nne usiku niagize boza la maji kwa sababu ejenti hashiki simu.

Indeksi fandi ni kama kapu, unanunua kipande kimoja umeshapata hisa za makampuni mamia, hakuna bosi anayelipwa kuchagua ndio ada inakuwa ndogo, ile ya kampuni ya Vanguard ya S&P 500, yani makampuni makubwa 500 ya Marekani, ni 0.03% kwa mwaka. Mie nilichukua inayofuata S&P 500 Shariah, haina mabenki ya riba wala pombe, ada 0.45% lakini roho imetulia. Naweka kidogo kidogo kila mwezi na sijapigiwa simu usiku hata siku moja. Ila usiweke karo ya watoto humo, 2008 S&P 500 ilianguka kama 37%, na dola nayo ina mambo yake, mwanzo wa 2024 ilipita shilingi 160 na baada ya miezi michache ikarudi karibu na 130.

Mamangu yeye hataki kusikia, anasema nyumba unaishika kwa mkono. Sawa, lakini sisi wa Majengo, Mombasa, tunaijua nyumba bila ardhi, marehemu babu kuta zilikuwa zake na kila mwezi akimlipa mwenye ardhi, kwa hivyo hati kwanza jamani.

Fandi nyota 4, ejenti 2. Flati siuzi, mkataba wao unaisha mwezi wa sita na siurefushi, nishaongea na fundi bomba wa pale pale Bamburi.